Mtandao wa Dada Yangu Kakuma

Mimi ni fundi wa mitandao Lodwar, na kazi hii imenifundisha kuchukia maneno matatu: "Ni kuunganisha tu." Wanayasema wenye maduka, wanayasema makarani wa ofisi za kaunti, hata padri aliwahi kuniambia. Ni kuunganisha tu, utadhani naenda huko na gundi na mkasi. Dada yangu naye aliyasema, kwa simu kutoka Kakuma, na kwa kuwa ni dada yangu, tena mkubwa wangu, sikumjibu nilivyozoea kuwajibu wengine.

"Kuna kompyuta, kuna stima, kuna watu," aliniambia. "Ni kuunganisha tu. Wewe kuja."

Dada yangu alikuwa mkalimani wa shirika moja kambini kwa miaka mingi. Mashirika yalipoanza kupunguza watu, naye akapunguzwa. Wengi waliopunguzwa walifunga virago wakarudi makwao. Yeye kwao ni hapo hapo, kwa hiyo alikaa chini akaangalia amebaki na nini, akaona amebaki na wenzake: mama wa Sudan Kusini, mama wa Kongo na msichana wa Kisomali, kila mmoja na lugha zake mdomoni. Kuna kampuni za ng'ambo ambazo hutafuta watu wa kusikiliza sauti zilizorekodiwa na kuandika kilichosemwa, na Kakuma ina lugha nyingi kuliko mvua. Dada yangu akauza mbuzi wake wote, akanunua kompyuta nne na meza, akakodi chumba cha mabati kando ya barabara kuu. Kwa Mturkana kuuza mbuzi wote si jambo la kupita hivi hivi. Mama mkwe wake alimuuliza mbele ya watu kama kompyuta huzaa.

Kampuni moja ikakubali kumjaribu. Asubuhi moja, mpaka saa sita mchana, yeye na wenzake wangefanya kazi wasimamizi wakiwatazama moja kwa moja kutoka huko kwao. Wakifaulu, wana kazi ya mwaka mzima. Mtandao ukikatika katikati, jaribio limeishia hapo na halirudiwi. Hilo walielezwa waziwazi, na dada yangu akanieleza mimi waziwazi zaidi, kwa sauti ile aliyokuwa akiitumia kwangu nikiwa mdogo nimepoteza mbuzi.

Basi nikaenda. Niliweka antena juu ya mabati, nikaielekeza kwenye mlingoti wa kampuni ya mtandao ulio ng'ambo ya laga, ule mto wetu wa mchanga ambao huwa na maji pale tu usipoyataka. Nikashusha waya, nikafunga ruta ukutani, nikaunganisha kompyuta zote nne kwenye swichi, kile kisanduku cha kugawa waya. Kufikia alasiri mtandao ulikuwa unapita vizuri kabisa. Dada yangu aliita wenzake, wakafungua hiki na kile, wakacheka. Mimi nikajisifu kidogo, sikatai. Nikala nyama, nikarudi Lodwar nikiamini nimemaliza.

Sikuwa nimemaliza. Wiki ile ile simu ikaita. "Hii mtandao yako imelala," dada yangu akasema. Ikishakuwa mbovu huwa ni yangu.

Nikarudi Kakuma. Nilipanda juu ya mabati jua likiwa kichwani, mahali ambapo ukiegemeza mkono unaiacha ngozi, nikakuta upepo umeisogeza antena kidogo. Kidogo sana, lakini mawimbi hayana huruma. Nikairudisha, nikaikaza, nikashuka. Mtandao ukapanda. Nikarudi Lodwar, simu ikaita. Nikaja tena, nikakuta waya wa nje umekauka kwa jua, umepasuka ganda, na pale chini mbuzi wa jirani ameutafuna. Nikabadilisha waya wote, nikaupitisha ndani ya bomba. Mtandao ukapanda. Nikarudi Lodwar. Simu ikaita. Sasa nilikuwa nikiliona jina lake kwenye simu, naanza kufunga mkoba wa vifaa kabla sijapokea.

Nikafungua swichi, nikapuliza vumbi ambalo lingetosha kupanda mtama. Nikaweka betri kwa ajili ya stima inapoyumba. Nikapigia kampuni ya mtandao, nikasikilizishwa muziki mpaka nikaujua, kisha binti mmoja mwenye sauti tamu akaniuliza kama nimejaribu kuizima na kuiwasha. Nikamwambia mimi ni fundi. Akaniambia anaelewa, na kwa hiyo nijaribu kuizima na kuiwasha. Nikaizima. Nikaiwasha. Akanishukuru kwa uvumilivu wangu, ambao hakuwa ameuona popote.

Kilichonikera zaidi ni kwamba mambo yalikuwa na mpangilio nisiouelewa. Asubuhi mapema mtandao ulikuwa mzuri. Jua likipanda unalegea. Mchana unalala kabisa, dada yangu na wenzake wanakaa na vifaa masikioni wakitazama kiduara kinazunguka. Nikasema ni joto. Nikatoboa mabati, nikaweka feni. Nikasema ni mlingoti, watu wa mji mzima wanautumia mchana. Nikagombana na yule binti tena. Nilisema mambo mengi wiki hizo, na kila nililolisema nililisema kwa uhakika.

Na kila nilipoingia na kutoka niliruka miguu ya watu. Mbele ya chumba kulikuwa na kivuli kizuri cha mabati yaliyojitokeza, na chini yake watu walikuwa wamejaa: akina mama na watoto mgongoni, wazee wa Kongo, vijana wa Sudan Kusini warefu ambao miguu yao ndiyo ilikuwa ya kuruka zaidi, Waturkana wenzangu na vigoda vyao. Walinisalimia kwa adabu. "Ejok, fundi." Nikajibu ejok, nikapita. Nilidhani ni wateja wa duka la pembeni, au ni watu wa kivuli tu, kwa sababu Kakuma kivuli hakikai bure.

Siku chache kabla ya jaribio, nikiwa nimeketi kwenye ngazi ya mlango na waya mapajani, nimeishiwa na la kulaumu, mama mmoja mzee wa Sudan Kusini akanigusa bega. Nilikuwa nimemsalimia mara nyingi. Akanipa simu yake.

"Fundi, hii kitu yako siku hizi hapana mzuri," akasema. "Kwanza nilikuwa naona uso ya mtoto yangu. Sasa naona uso inasimama, mdomo iko wazi. Angalia."

Nikaangalia. Kijana mmoja aliyevaa koti zito alikuwa ameganda kwenye kioo, mdomo wazi kweli. Na juu pembeni, alama ya mtandao, na jina la ule mtandao nililoliandika mimi mwenyewe siku ya kwanza.

"Nani alikupa neno la siri?" nikamuuliza.

Akanishangaa. "Mama ya ofisi. Niliomba."

Nikainua macho nikawatazama wengine wote pale kivulini. Kila mmoja alikuwa na simu mkononi. Wengine walinionyesha zao, kwa matumaini, kama mgonjwa anayeona daktari amefika. Mzee mmoja wa Kongo alikuwa akitazama ibada. Vijana walikuwa wakitazama mpira. Na mimi nilikuwa nimetoboa mabati.

Niliingia ndani nikiwa nimewaka.

"Umewapa watu wote pasiwadi?"

Dada yangu hakuvua hata vifaa masikioni. "Waliomba."

"Waliomba? Mtu akiomba unampa?"

"Sasa nifanye aje? Niwaambie hakuna, na wanaona iko?"

Nilimweleza. Nilimweleza kwa sauti iliyowafanya wenzake watatu wainamie kibodi zao. Nilimwambia mtandao unagawanyika, kwamba kila mtu anayetazama mpira pale nje anakula fungu la kazi yake, kwamba nimepanda mabati yale mpaka magoti yameota sugu, kwamba nimemtukana binti wa watu kwenye simu bila kosa. Nikamwambia nabadilisha neno la siri sasa hivi.

"Badilisha," akasema. "Wakiniomba hiyo mpya nitawapa."

"Una wazimu?"

Hapo ndipo alipovua vile vifaa. "Wewe ulizaliwa wapi?" akaniuliza. "Si Nakalale? Mama alichimba kisima kwa laga na mikono yake. Ni siku gani ulimwona anamnyima mtu maji? Hata wale hatuwajui. Hata yule mzee jirani aliyekuwa ametukanana na baba."

"Mtandao si maji."

"Yule mama huongea na mtoto wake kila siku saa nne, huko baridi. Miaka hawajaonana. Wewe mwambie si maji."

Nikaigeukia ruta, nikapekua mipangilio yake yote. Ningekuwa na ruta nzuri ningewagawia hao wa nje fungu lao dogo, wa ndani wakabaki na lao. Lakini ruta tuliyopewa na kampuni ilijua mambo mawili tu, kumfungulia mtu au kumfungia. Niliagiza nyingine Eldoret siku hiyo hiyo. Iliwekwa kwenye basi, basi likaiteremsha Kitale, na kila nilipopiga simu niliambiwa mzigo uko njiani. Mpaka leo sijui njia gani.

Ni dada yangu aliyepata la kufanya, na alilitoa kule kule kisimani. Kwetu, mwenye kisima hanyimi mtu maji, lakini kuna zamu. Mifugo yake mwenyewe inakunywa kwanza. Wageni wanasimamisha yao kando, wanangoja, na hakuna anayesogea mpaka mwenyewe aseme. Hakuna askari wala kufuli. Nimekua nikiona wanaume wenye bunduki wakingoja ng'ombe wa mjane amalize kunywa.

"Watangoja," akasema.

"Hawa si Waturkana wote. Wengine hawajui hata laga ni nini."

"Nitawaeleza."

Nilimwambia atafilisika kwa upole wake. Nilitaka kubadilisha lile neno usiku bila yeye kujua, na sikufanya hivyo kwa sababu moja tu, kwamba angejua.

Siku ya jaribio nilifika mapema. Alikuwa amevaa nguo ya kanisani. Alitandika mkeka mbele ya mlango, akasimama akawaeleza watu kwa Kiswahili, mwenzake wa Sudan Kusini akarudia kwa Kiarabu cha Juba, yule wa Kongo kwa Kifaransa, msichana kwa Kisomali. Leo kuna kazi kubwa, aliwaambia. Mpaka saa sita nitumie mtandao peke yangu, halafu ni wenu. Nikatazama nyuso zao nikitafuta wa kwanza kunung'unika.

Mama mzee ndiye aliyeanza. Akaizima simu yake kabisa, akangoja kioo kiwe cheusi, akaiweka kwenye mkeka. Ilikuwa inakaribia saa yake na mwanawe. Mzee wa Kongo akafuata, kisha vijana, mmoja akiwaambia wenzake, "Wasee, zimeni, msiweke tu kimya." Mkeka ukajaa simu, zote zimezimwa. Hakuna aliyeondoka. Walikaa pale pale kivulini, mikono mitupu, wakazungumza kwa sauti ya chini.

Ndani nilipima kasi ya mtandao nikapima tena, kwa kutoamini. Wasimamizi wakatokea kwenye kioo, watu wawili wenye vikombe vya chai, wakasalimia. Sauti za kwanza zikaja. Dada yangu na wenzake wakaanza kuandika, na chumba kikawa na mlio wa vidole tu. Sijawahi kuona watu wakifanya kazi vizuri hivyo. Msichana wa Kisomali alikuwa akimaliza kipande kabla wengine hawajafika nusu, anakaa akingoja kingine, mguu ukicheza. Msimamizi mmoja alisema jambo nikamwona dada yangu anatabasamu. Nikajiegemeza ukutani. Kwa mara ya kwanza tangu kazi ile ianze nilijisikia raha, na nikaanza kuandaa maneno ya kumwomba msamaha, machache.

Kisha taa ya ruta ikawa nyekundu.

Nilidhani ni waya. Nikaufuata waya kwa mkono. Nikatoa simu yangu ili niwape mtandao wa simu, ndio mpango niliokuwa nimeuweka wa dharura, nikakuta simu haina hata mstari mmoja. Nikabadilisha laini. Hakuna. Haikuwa antena yangu wala waya wangu. Kakuma nzima ilikuwa imekatika.

"Fanya kitu," dada yangu akasema, bila kugeuka. Kwenye kioo chake wale wasimamizi walikuwa wameganda na vikombe vyao.

Nilitoka mbio. Nilichukua pikipiki mpaka kwenye mlingoti, nikamkuta mlinzi ameketi chini ya mti wa mathenge. Nikamuuliza kuna nini. "Mimi nalinda tu," akaniambia. Nikamuuliza mafundi wako wapi. Akasema pengine Lodwar, pengine Kitale, labda kuna mahali wamechimba barabara wakakata waya wa chini. Nikamwambia apige simu. Akanionyesha simu yake, isiyo na mtandao kama yangu. Nikaupiga ule uzio teke. Yule mlinzi alinitazama tu, pengine akijiuliza kama hilo nalo ni la kulinda. Nikamwambia mwenye pikipiki anipeleke mpaka nje ya mji, juu kwenye mawe, labda nitapata mawimbi ya mahali pengine. Nikasimama pale na simu nimeiinua juu. Hakukuwa na kitu.

Niliporudi nilikuwa nikitukana kwa sauti, kwa Kiturkana na kwa Kiswahili. Wale watu wa kivulini walikuwa bado wameketi. Simu zao zilikuwa bado kwenye mkeka, nyeusi, hakuna aliyejua kwamba hata akiiwasha haina kitu. Mzee wa Kongo aliinua mkono kunisimamisha, akaweka kidole mdomoni.

"Polepole, fundi," akaninong'oneza. "Bamama beko ku kazi."

Tangu siku ya ile simu ya mama mzee nilikuwa nimewapa wao hasira yangu, na sasa nilikuwa nayo nyingi kuliko siku zote na hapakuwa na mtu wa kumpa.

Nikaingia ndani. Mama wa Kongo alikuwa ameinamisha kichwa, nadhani akiomba. Dada yangu alikuwa ameweka vidole kwenye kibodi, tayari. Nilimwambia niwaambie wa nje wachukue simu zao, maana wanangoja bure. Akatikisa kichwa.

"Inaweza kurudi," akasema.

Saa sita ikafika, ikapita. Mtandao ulirudi baada ya hapo, wenyewe, kama ulivyokwenda. Taa ikawa kijani. Ujumbe wa kampuni ulikuwa tayari unangoja. Ulikuwa mfupi na wa heshima: waliwashukuru kwa muda wao, walisikitika kwamba uunganisho haukutosha, waliwatakia kila la heri. Dada yangu aliusoma, akawasomea wenzake kwa Kiswahili. Msichana alianza kulia. Dada yangu akamfuta uso kwa ncha ya leso yake, akanyoosha nguo yake ya kanisani, akatoka nje. Mimi nikamfuata.

Watu wote wakamtazama.

"Asanteni," akawaambia. "Mmengoja sana. Washeni sasa."

Wakainama kwenye mkeka, kila mmoja akatafuta yake. Simu zikaanza kulia, moja, nyingine, kisha zote, na pale mbele ya mlango kukawa na halo halo kwa kila lugha, watu wakicheka, watoto wakipokezana. Nikangoja mtandao ulegee. Haukulegea. Siku hiyo, kwa watu wote wale kwa pamoja, picha zilipita safi, na mimi ningependa mtu anieleze kwa nini.

Mama mzee alikuwa amempata mwanawe. Uso wa kijana ulikuwa haugandi, mama aliona kila kitu, mpaka mvuke wa pumzi yake kwenye ile baridi. Akanyanyuka kwa shida, akaja na simu mpaka kwa dada yangu, akaiinua mbele ya uso wake.

"Huyu ndiye mama ya ofisi," akamwambia kijana. Kisha akamgeukia dada yangu. "Nimemwambia kwa nini leo nimechelewa. Anauliza kazi yako ilienda namna gani."

Dada yangu akamtazama yule kijana kwenye kioo. Akampungia mkono.

"Mwambie imeenda vizuri," akasema, akinitazama mimi juu ya bega la yule mama, ili nisifungue mdomo.